Mshipi wa tandiko: nimejaribu aina tatu kwenye mchanga wa Mombasa

Assalam aleikum, hamjambo nyote. Leo niko ufukweni Nyali, maji yametoka na kusi inapiga, kwa hivyo mtaniwia radhi sauti ikikatika. Huyu nyuma yangu ni farasi wangu Zuhura. Mtulivu, mnene kiasi, mjanja kupita kiasi. Ujanja wake ndio umenifanya nishike kamera.

Mwaka jana nilimpandisha mgeni, baba mtu mzima, nikakaza mshipi mara moja tu kwa sababu watoto walikuwa wamepanga foleni wakipiga kelele. Hatukwenda mbali. Tandiko likazunguka, mgeni akashuka nalo polepole kama gunia linaloteleza kwenye mkokoteni, akakaa mchangani. Alicheka, Mungu ambariki. Watu wakalaumu mshipi. Jioni niliukagua: mzima, nyuzi zote zipo. Nilikosea mimi. Kwa hivyo nitawaonyesha mishipi mitatu, lakini nusu ya video ni namna ya kufunga, na msiiruke.

Kwa asiyejua, mshipi ni huu mkanda mpana unaopita chini ya farasi na kulishika tandiko pande zote mbili. Wengine huuita mkanda wa tumbo, na jina hilo linapoteza watu, maana tumboni si mahali pake. Unakaa kidarini, vidole vinne hivi nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Ukisogea mbele unamchuna kiwikoni kila anapopiga hatua.

Wa kwanza, huu wa ngozi. Nimeupata mtumba, na ukiushika tu unajua aliyeushona alikuwa fundi. Tazameni hapa ulivyokatwa: umepinda kwa ndani pande mbili ili kiwiko kipite. Hilo si pambo. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walipima mgandamizo chini ya mshipi farasi akiwa mbioni, wakakuta mkubwa zaidi uko nyuma ya viwiko, wala si katikati ya kidari kama wengi tulivyodhani. Kwa umbo, huu unawashinda wenzake. Taabu yake ni Pwani yetu. Uache stoo siku chache msimu wa mvua, utaukuta umeota ukungu wa kijani. Jasho na chumvi vinaukausha, ngozi ikikauka inapasuka, na mpasuko unakata kama msumeno. Ukiwa na subira ya kuufuta kila siku, kuusugua kwa sabuni ya ngozi na kuupaka mafuta, chukua huu. Mimi nina farasi wanne na usingizi kidogo.

Wa pili ni huu mweusi wa mpira laini, kitambaa kile kile cha nguo za wapiga mbizi. Unaoshwa kwa dakika moja, haunyonyi maji, na haupotezi nafasi yake kwa sababu unang'ang'ania manyoya. Nilipoununua niliona nimemaliza shida. Lakini mpira haupumui. Jua la saa saba mchana hapa, jasho linabaki ndani, mchanga unaingia, na ule mng'ang'anio uliousifu unageuka msasa. Wiki ya pili nilikuta nywele zimekatika nyuma ya kiwiko na ngozi imevimba kidogo. Nikampumzisha siku kadhaa bila tandiko. Ukiona hivyo usiseme "nitamfunga kwa kulegeza". Mpumzishe hadi pakauke na papone. Kwa safari fupi za asubuhi na farasi msafi, sawa. Kwa kazi ya kutwa ufukweni, hapana.

Wa tatu, mwanangu sogeza kamera, huu wa kamba za pamba. Hauna sura. Mke wangu aliuona akaniuliza kama nimenunua chandarua. Lakini kamba zinaacha hewa ipite, na jioni nautumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, naukamua, asubuhi umekauka. Naposema maji baridi ni ya bomba au ya kisima. Msiuoshe baharini mkadhani mmeuosha. Angalizo moja: ziwe kamba nyingi, zilizofumwa pamoja katikati ili zisitawanyike. Zikitawanyika zinabana ngozi baina yake. Na ile ya nailoni ngumu inayofanana na hii iacheni dukani.

Huu ndio ninaoutumia sasa. Ila nimebadilisha bizimu. Zile za mwanzo zilishika kutu kabla ya mwezi, nikampa fundi viatu anishonee za chuma kisichoshika kutu. Upepo wa bahari hauna huruma na chuma cha bei rahisi.

Urefu: usinunue kwa macho. Weka tandiko mgongoni, anza tundu la katikati la mkanda wa tandiko upande mmoja, pitisha futi chini ya kidari hadi tundu la katikati upande wa pili. Hiyo ndiyo inchi yako. Ukifunga ubaki na matundu ya kukaza na ya kulegeza, kushoto na kulia sawa.

Lastiki za kwenye ncha za mshipi nazo. Zikiwa upande mmoja tu, huo mmoja unavutika na mwingine haukubali, tandiko linaelemea. Nataka pande zote mbili au nisiwe nazo kabisa. Na lastiki hudanganya mkono: unavuta, inakuja, unavuta tena, kumbe unambana pumzi.

Haya, kufunga. Matandiko mengi ya Kiingereza yana mikanda mitatu ya kufungia mshipi kila upande. Wa mbele una utepe wake ndani ya tandiko, miwili ya nyuma imeshonwa kwenye utepe mmoja. Ukitumia hiyo miwili ya nyuma na utepe ukakatika, umebaki na hewa. Kwa hivyo tumia wa kwanza na wa pili, au wa kwanza na wa tatu.

Pangusa mchanga kwanza. Funga tundu la chini, legevu. Mwangalieni Zuhura sasa... mmeona? Amejaza kifua na kukaza misuli. Sigombani naye. Namtembeza kidogo, anasahau, nakaza tundu moja kushoto, moja kulia. Halafu nanyanyua mguu wa mbele, nauvuta mbele taratibu, kunjo za ngozi zinyooke; na mguu wa pili vivyo hivyo. Kupima, msitie vidole ubavuni, huko kuna uwazi hata mshipi ukiwa umebana. Pimeni chini, kidarini: vidole vipite bapa, kwa kusukuma kidogo.

Bado. Mpanda akishakaa tunakwenda dakika tano, nasimamisha, napima tena. Karibu kila mara napata tundu moja zaidi. Tundu hilo ndilo lililomlaza yule baba mchangani.

Maji yanaanza kujaa na kuna familia inaningoja pale kwenye minazi. Aliye na ngamia aniandikie anafungaje, maana jirani yangu ana mmoja na mimi sielewi nundu ile inashikwa na nini.