TAHADHARI: Huyu fundi bodi wa Ngamiani msimpe gari lenu

Watu wa Tanga, na nyie wa Muheza na Pangani mnaoleta magari mjini kupigwa rangi, nisomeni mpaka mwisho. Kuna mtu hapa Ngamiani anajinadi kuwa fundi wa magari ya zamani. Ni mwizi mwenye kompresa, basi.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya marehemu baba, imebaki mikononi mwangu. Injini nzima. Bodi ndiyo ilikuwa imeliwa: chini ya milango yote kutu, matao ya magurudumu ya nyuma yametoboka, kwa ule upepo wa chumvi wa Raskazone. Nilichotaka kilikuwa wazi. Kutu ikatwe, bati jipya lichomelewe, rangi irudi ile ile ya maziwa, na urembo wa nikeli wa madirisha na grili usafishwe.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Jamani, huyu mtu gari analijua! Alipokuja kuliona alimwamkia mama kwanza, akampa pole ya msiba, ndipo akaanza kulizunguka taratibu huku akipitisha kiganja kwenye bodi. Akasema, "Dada, hii ndiyo iliyochukua Safari Rally 1975, na 1978 kupee yake, ile ya milango miwili, ikarudia." Maneno ya baba yale yale. Akafika kwenye buti, pale mfuniko unapovunjika na kushuka, akasema huo ni mkono wa Pininfarina, wachora magari wa Italia, ukijaza puti pale, ule uji mzito wa kusawazisha bodi, umeua sura ya gari. Mama akatokwa na machozi. Mtu anaongea hivyo mbele ya mjane, utamdhania mwizi? Nikamtangulizia 2,000,000 za bati na rangi siku ile ile.

Siku ya kukabidhiwa ndiyo inayoninyima usingizi. Gari lipo chini ya mkungu, limeoshwa, maji bado yanachuruzika, tairi zimepakwa dawa nyeusi, harufu ya thina imejaa uani. Akatoa sumaku mfukoni, ile inayotolewa kwenye spika mbovu, maana sumaku hunasa bati, puti hainasi. Akaiweka juu ya boneti, ikanasa. Juu ya paa, ikanasa. Mlangoni, chini kidogo ya kitasa, ikanasa. "Unaona dada? Bati tupu. Mwingine angekujazia puti." Nilishika sumaku ile kwa mkono wangu nikaivuta, haitoki! Mimi nilikuwa nimesimama upande wa boneti, yeye amesimama kati yangu na mlango wa nyuma, na hakuhama hapo mpaka nilipommalizia 1,400,000 yake. Boneti na paa havijawahi kuwa na kutu tangu baba analinunua. Alijua, ndiyo maana alianzia huko.

Masika ilipoanza yakatoka malengelenge chini ya milango. Nikampigia, akaniambia ni jua, rangi inatulia. Halafu Chumbageni, pale kwenye kuosha magari, kijana kapitisha maji ya presha chini ya mlango wa dereva, kipande kikubwa kama sahani kikadondoka chini. Ndani gazeti. Gazeti limeviringishwa, limeshindiliwa na povu la godoro, juu yake puti nene, juu ya puti rangi. Hakuna bati hata la kuziba kidole. Mjomba amekaa kiti cha mbele na kanzu yake, watu wamejaa, wengine wameshatoa simu wanapiga picha. Nilivuta mtandio nikafunika uso.

Na puti inanyonya maji, mjue. Gazeti nalo likilowa linabaki limelowa, kwa hiyo kutu iliyoachwa nyuma imekula miezi yote hii. Sasa hivi mlango umekwisha kuliko ulivyokuwa kabla hajaugusa.

Nikaangalia vizuri grili. Simba wa baba, ile nembo ya Peugeot, hayupo. Aliyepo ni wa plastiki, kapulizwa rangi ya fedha. Vipande vya nikeli vya madirisha alivyosema amevipeleka Dar kuchovywa navyo ni plastiki vile vile. Ameuza! Ameuza simba wa marehemu!

Nimeshafungua jalada kituoni. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa udanganyifu, kinafika kifungo cha miaka saba, na mimi nataka yote saba. Alale ndani. Kompresa ikamatwe, mashine ya kuchomelea ikamatwe, ijapokuwa sidhani kama amewahi kuiwasha.

Dalili zilikuwepo, nazisema haraka maana hasira zinanipanda. Hataki uje kabla ya rangi, kila ukipiga simu "subiri ikauke". Risiti hana. Gari linalong'aa analolionyesha kuwa kazi yake ni la mtu aliyelileta kubadilisha kioo tu. Raba za milango zilirudi na rangi juu yake, maana hakuzifungua. Mwambieni fundi yeyote: nataka kuliona bati likiwa uchi, limekatwa na kuchomelewa, kabla puti haijagusa. Puti ni ya kusawazisha milimita mbili tatu, haizibi tundu. Na sumaku shikeni wenyewe, mpitishe chini ya milango na kwenye matao.

Mkiona grili ya 504 yenye simba wa chuma inauzwa popote mjini, nitafuteni hata usiku.

Na mwenye Land Rover 109 ya kijani iliyopo uani kwake sasa hivi, wewe sumaku haitakusaidia, bodi yako nyingi ni aluminiamu. Ingia chini na tochi, gonga chasisi kwa nyundo, sikiliza. Ila usingoje amalize. Nenda kaitoe leo, na hesabu taa na nembo kabla hujatoka getini.