Tundu moja au mawili? Tathmini ya seti za endoskopi ya mgongo kwa daktari anayeanza

Seti zinazoshindana za kupasulia mgongo kwa kamera, kupitia tundu dogo la ngozi, ni mbili. Ya tundu moja ni bomba lenye unene wa takriban milimita 7, ndani yake mna lenzi, taa, njia ya maji na njia ya vifaa ya milimita 4 hivi. Ya matundu mawili hutumia athroskopi (kamera ya viungo) ileile ya goti, milimita 4, lenzi ya nyuzi 30. Kamera hupita tundu la juu, vifaa hupita la pili, sentimita 2 hadi 3 chini yake. Walioikuza zaidi mbinu hii ya matundu mawili ni madaktari wa Korea Kusini.

Kwa anayeanza, tunapendekeza matundu mawili bila kusita. Kila mkono una kazi yake, na koleo la Kerrison (la kung'ata mfupa) la kawaida linapita. Kwenye tundu moja kamera na kifaa hufuatana: ukigeuza kamera, koleo nalo limehama. Vifaa vyake ni vyembamba na ni vya mtengenezaji mmoja. Ncha ikivunjika, trei ya jirani haina mbadala. Hospitali yenye athroskopi tayari ina kamera, taa na skrini. Itaongeza kanula (mrija wa kupitishia vifaa na maji), drili ndefu na kijiti cha radiofrikwensi, yaani cha umeme, cha kuchomea mishipa ya damu.

Ugumu uko mwanzoni. Mgongo hauna uwazi kama goti. Nafasi ya kazi unaitengeneza mwenyewe kwa kuutenga msuli na mfupa. Asiyegusa mfupa kwanza ataona nyama nyekundu tupu na kupotea. Kamera na kifaa vikutane kwenye ukingo wa chini wa lamina (bamba la mfupa la nyuma ya pingili), uthibitishe kwa eksirei, ndipo ufungue maji. Anayetumia mkono wa kulia aanze na diski (kitanga kati ya pingili) ya upande wa kushoto wa mgonjwa: kamera itakaa mkono wa kushoto, upande wa kichwa. Ligamenti ya njano (kano kati ya lamina) iachwe mpaka drili imalize, maana ndiyo ngao ya dura, utando unaofunika neva.

Maji ndiyo yanayowaponza wengi. Mfuko wa salini (maji ya chumvi) wa lita 3 ukiwa sentimita 50 juu ya mgongo hutoa shinikizo la takriban milimita 37 za zebaki, na hilo linatosha. Litazame tundu la vifaa: maji yatiririke nje muda wote. Yakikoma huku mfuko unazidi kupungua, yanajikusanya mwilini na kuibana dura. Mgonjwa mwenye ganzi ya mgongo atalalamika shingo au kichwa. Aliye usingizini hawezi kusema, kwa hiyo mtu wa ganzi aichunge presha ya damu. Dawa ya maji kujikusanya ni kuipasua fashia (utando unaofunika msuli) kwa alama ya msalaba na kuingiza kanula iliyo wazi. Skrini ikijaa damu, usikimbilie kuinua mfuko. Kagua kwanza kama maji yanatoka, kisha utafute mshipa uuchome.

Seti ya tundu moja ina mahali pake, na hapo haina mpinzani: kuingia kwa pembeni, kupitia pembetatu ya Kambin (nafasi salama kando ya neva), kwa ganzi ya sehemu tu. Mzee mwenye moyo dhaifu anafanyiwa akiwa macho, na kifaa kikigusa neva anasema mguu unauma. Ila neva inayotoka kwenye tundu la pingili huchokozeka kirahisi, na mgonjwa hubaki na ganzi au hisia ya kuungua mguuni. Kwenye L5-S1, kiungo cha chini kabisa cha kiuno, mfupa wa nyonga huziba njia ya pembeni. Pale pita nyuma, dirisha kati ya lamina ni pana.

Seti yoyote utakayochukua, agiza na shuka lenye mfuko wa kukusanyia maji, na salini ipashwe moto hadi joto la mwili. Mgonjwa aliyelowa maji baridi kwa saa mbili huamka akitetemeka.