Kompyuta Iko Ngamiani, Mimi Niko Muheza: Nimeitumia xrdp Miezi Mitatu

Assalam aleikum, karibuni tena. Leo sina boksi la kufungua, bidhaa yenyewe haishikiki. Ni xrdp, programu ya bure ya kukuingiza kwenye kompyuta ya Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows) ukiwa mbali, ukafanya kazi kama vile umeikalia mbele.

Kompyuta yenyewe iko Ngamiani, Tanga mjini, kwenye duka la mjomba la vipuri vya baiskeli. Ni ya mezani, RAM giga 4, ina Linux Mint, toleo lenye mwonekano mwepesi wa Xfce. Hesabu zote za duka zimo humo, na mimi wiki nzima niko Muheza. Kila mjomba akipotelewa na faili, nauli. Nikachoka.

Kuiweka hakuna kazi. Tazameni hapa: sudo apt install xrdp, enta, basi. Inajiwasha yenyewe na kukaa ikisubiri kwenye poti 3389, yaani mlango wake wa mtandao. Upande wangu natumia Remmina, programu ya kuunganishia kutoka huku. Mwenye Windows asihangaike kupakua kitu, ya kwake imo tayari.

Mtasema mbona rahisi. Ngojeni. Siku ya kwanza nimeandika jina sawa, neno la siri sawa, kioo cheusi tii! Nikafuta, nikaweka upya, cheusi. Kumbe xrdp haikuonyeshi kile kioo kilichopo mezani, inakufungulia chumba chako kipya. Sasa kama akaunti ileile imeshafunguliwa kule dukani, vyumba viwili vinagombana, na anayekosa ni wewe wa mbali. Dawa yake mjomba akifunga duka atoke kwenye akaunti, asiiache wazi.

Akawa anatoka, mambo yakaenda. Kisha usiku mmoja umeme ukakatika. Mimi sina wasiwasi, kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, nilishaiweka ijiwashe umeme ukirudi, najiona fundi. Ikawaka kweli. Najaribu kuingia, cheusi tena! Mjomba hapendi kuandika neno la siri asubuhi, kwa hiyo alishaiambia kompyuta ijiingize yenyewe kila ikiwaka. Ikajiingiza, ikanifungia mlango. Hili sikulikuta kwenye maelekezo yoyote niliyosoma, kwa hiyo lisikieni kwangu: zimeni ile ya kujiingiza yenyewe.

Njia ya kufika huko je? Modemu za laini za simu mara nyingi hazikupi anwani ya intaneti ya peke yako, mnachangia wengi, kwa hiyo kutoka nje huwezi kuigongea hodi. Na hata kama unayo, poti 3389 usiifungue kwa dunia nzima. Kuna roboti kazi yao ni kuzunguka usiku na mchana zikijaribu maneno ya siri ya watu. Mimi nimeweka Tailscale kwenye mashine zote mbili. Inazipa anwani zinazoanza na 100, zikaonana kama zimo nyumba moja. Kwa matumizi binafsi hulipii.

Kilichonifanya nisiiache ni hiki: mtandao ukikatika, kazi haikatiki. Nimeacha jedwali nusu, bando limeisha, nimenunua jingine, nimerudi nikalikuta jedwali palepale na mshale palepale. Bando lenyewe haliliwi sana ukishusha rangi hadi biti 16 na kuondoa picha ya nyuma.

Kama unachotaka ni kumsaidia mtu huku naye anakuona, xrdp siyo. Chukua RustDesk, hiyo inaonyesha kioo kilekile anachokitazama yeye. VNC, njia nyingine ya kuingia kompyuta ya mbali, nayo nimeijaribu, ile ya kizamani, ambayo neno lako la siri hata liwe refu vipi inasoma herufi 8 tu za mwanzo. Nikaiacha.

Jingine, angalieni sana vidole. Kwenye menyu, Toka na Zima ni majirani. Juzi saa nne usiku nimemaliza hesabu, nikabonyeza Zima. Kompyuta ikatii, na kitufe cha kuiwasha kiko ndani ya duka lililofungwa kufuli mbili. Nikakumbuka ile BIOS: umeme ukienda na kurudi, inawaka. Tangu nizaliwe sijawahi kuomba umeme ukatike, siku hiyo nimeomba.

Ukawaka hadi asubuhi.