Kupigisha kromu vipande vya modeli ya plastiki: uzoefu wangu na Bel Air ya 1957

Kwa anayeunda modeli za magari na anajiuliza kama inafaa kulipa karakana impigie kromu upya, jibu langu ni ndiyo. Nilichorudishiwa kinashinda rangi zote za fedha nilizowahi kupuliza mwenyewe. Ila sehemu kubwa ya ubora ule ilitoka mezani kwangu, kabla kifurushi hakijafika posta, na hilo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloamua kama pesa yako itarudi na kitu cha maana.

Modeli yenyewe ni Chevrolet Bel Air ya 1957, ya Revell, kipimo cha 1/25, yaani ndogo mara 25 kuliko gari halisi. Naishi Houston, Marekani, na niliinunua kwa mzee aliyekuwa anauza mkusanyiko wake. Gari lile bila kromu si gari: lina mabamba (bampa) mazito mbele na nyuma, duara za taa, shoo, yaani wavu wa mbele, na mikanda ya ubavuni. Vipande vya kwenye boksi vilikuwa vimechubuka, na bamba la mbele lilikuwa na mshono wa kalibu unaolikata toka ncha hadi ncha. Ukiukwangua mshono, kromu inabanduka. Ukiuacha, ndio kitu cha kwanza mtu anachokiona.

Kinachoitwa kromu kwenye modeli hizi ni alumini. Bamba la gari halisi hutumbukizwa kwenye matangi ya kemikali na umeme, likavikwa nikeli kisha kromu yenyewe, na polistirini, plastiki ya modeli, haifai kwa njia hiyo. Karakana inaanza kwa kupuliza vanishi. Ikishakauka, vipande vinafungwa kwenye fremu inayozunguka ndani ya tangi, hewa inanyonywa, kisha alumini inachomwa kwa waya wa tungsteni hadi inageuka mvuke. Mvuke ule unakwenda moja kwa moja na kuganda juu ya plastiki. Utando wake hauifikii mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Juu yake inapulizwa vanishi nyingine ya kuulinda.

Utando mwembamba namna hiyo haufichi kitu. Kila mkwaruzo utauona, tena uking'aa.

Kwa hiyo nilianza kwa kuviloweka vipande kwenye jiki. Alumini ya zamani ilitoka kirahisi, lakini chini yake inabaki vanishi ya kiwandani, na hiyo jiki haiigusi. Niliitoa kwa digrisa (dawa ya kuondoa grisi) na mswaki, baada ya kusuuza vizuri kabisa, kwa sababu jiki haichanganywi na kemikali nyingine yoyote. Kisha msasa wa maji, namba 600 nikipanda hadi 2000. Bamba nililigeuza chini ya taa nikifuata mstari wa mwanga unaotembea juu yake. Pale mstari unapokatika au kupinda pana bonde, hata kama kidole hakilisikii. Karakana ilinikataza kuziba mabonde kwa puti ya kawaida, kwa kuwa kimiminika kilichonaswa ndani yake hutoka hewa inaponyonywa tangini na kuharibu uso. Nilitumia supaglu, nikasugua tena. Mwisho niliacha kijiti cha plastiki nyuma ya kila kipande ili wapate pa kushika, nikaviosha, na toka hapo sikuvigusa kwa vidole vitupu.

Bei walipanga kwa nafasi ambayo vipande vinachukua kwenye fremu. Nililipa zaidi ya nilivyonunulia modeli nzima. Kusubiri nako kunachosha, maana wanangoja mpaka tangi lijae kazi za wateja wengine.

Kifurushi kiliporudi nilianza na bamba la mbele. Dirisha la chumba changu lilionekana ndani yake, fremu zake zimenyooka, na pale palipokuwa na mshono hapakuwa na dalili yoyote. Nilifurahi kweli.

Sasa kasoro. Bamba la nyuma lilikuja na punje ya vumbi imenaswa chini ya vanishi, mahali penye mwanga. Nilituma picha, wakakubali kulirudia bila malipo, ila foleni ikaanza upya. Pili, vanishi mbili zile zinajaza michoro midogo. Herufi za neno Chevrolet zilipoteza makali yake, na sehemu za ndani kabisa za shoo zilipata utando hafifu kwa vile mvuke haupindi kona. Nembo na maandishi nisingepeleka tena. Kwa hayo Bare-Metal Foil, karatasi nyembamba ya metali yenye gundi, inatosha, na makali yote yanabaki.

Shoo ya Bel Air ya mwaka ule ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Nilipuliza rangi ya Tamiya X-24, njano inayopitisha mwanga, juu ya kromu mpya, na tone la X-26 ya machungwa ndani yake, tabaka jepesi jepesi. Imetoka dhahabu yenye kina, kitu ambacho rangi ya dhahabu ya kopo hainipi. Kwenye kuunganisha, kumbuka gundi ya polistirini haishiki juu ya kromu. Kwangua pale vipande vinapokutana hadi plastiki ionekane, kisha gundisha.

Nimewahi kutumia Alclad II, rangi ya kupuliza inayoiga metali, juu ya nyeusi inayong'aa, na kalamu ya Molotow yenye wino wa kromu. Zote ni nzuri. Kalamu hasa ni mkombozi kwa vioo vya pembeni na vitasa. Tatizo ni kushikwashikwa: ule mng'ao unafifia chini ya vidole, na ukipuliza vanishi ya kuulinda unageuka kijivu. Kwa bamba kubwa la gari la miaka ya 1950, ambalo macho yote yanaishia hapo, mimi nalipa karakana.

Ndugu mlioko Dar au Nairobi, nauli ya kutuma kipande kimoja huku haina hesabu nzuri. Kusanyeni vipande vya modeli kadhaa, vikiwa vimeshasuguliwa na kuoshwa, mumpe mtu anayesafiri. Ni vyepesi, na mabamba na shoo za magari matano vinaingia kwenye kopo la plastiki la chakula. Kila kipande kiwe kwenye mfuko wake, na orodha yake iwemo ndani.