HOBO Pendant UA-002-64 kwenye mashamba ya mwani Bagamoyo: piga hesabu ya kumbukumbu kwanza

Loga hii, yaani kifaa kinachojirekodia vipimo chenyewe, inaenea kiganjani, inazama hadi mita 30, inapima joto na mwanga, na betri yake ni CR2032, ileile ya rimoti ya gari. Kwa anayefuatilia maji ya mashamba ya mwani Mlingotini inafaa. Kinachowaponza watu ni kuifunga kwenye kigingi bila kujua kumbukumbu yake itajaa lini.

Nafasi ni kilobaiti 64. Picha moja ya simu inaipita mbali, lakini namba hazili nafasi kama picha. Kwenye UA-001-64 inayopima joto tu, kipimo kimoja huchukua biti 10, hivyo huingia vipimo kama 52,000. UA-002-64 inaandika joto na mwanga kwa pamoja, kwa hiyo inabeba takriban jozi 28,000. Ukipima kila dakika, jozi 1,440 kwa siku, imejaa ndani ya siku 19. Kila dakika 10 unapata siku 194. Kila nusu saa hesabu inasema siku 583, ila betri ni ya mwaka mmoja hivi, kwa hiyo nafasi ya ziada haikusaidii. Dakika 10 zinatosha kabisa kuona maji yakipanda na kushuka. Toleo la kilobaiti 8 liache: jozi 3,500 ni siku 24 tu, na mwani wako bado haujafika kuvunwa.

Pa kuwa makini zaidi ni kwenye HOBOware, programu ya kompyuta ya kuiandaa loga, kama inakupa chaguo hili kabla ya kuwasha: kumbukumbu ikijaa, loga isimame au izunguke? Ikizunguka, kipimo kipya kinafuta cha zamani kuliko vyote. Chukua loga iliyowashwa Januari 1, ikipima kila dakika 10. Ukichagua isimame, itanyamaza katikati ya Julai, na joto lote la mwisho wa kaskazi umelipata. Ukichagua izunguke halafu ukaiopoa Oktoba 1, data inaanzia karibu Machi 21. Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi, miezi ambayo mwani huungua, hazipo tena. Kwa utafiti wa joto, chagua isimame. Kuzunguka kunamfaa anayetaka siku za karibuni tu.

Kwenye HOBOware, alama ya kupima volti ya betri iondoe, nayo inakula nafasi. Weka kuanza kwa kuchelewa, hadi siku ya kuzamisha, la sivyo utajaza kumbukumbu kwa joto la ofisini. Betri ikifa majini usiogope: data haifutiki, weka mpya usome. Inayofuta ni kuwasha upya. Pakua kwanza, hakikisha faili linafunguka, ndipo uwashe.

Kwa loga nyingi, shato ya U-DTW-1, kifaa cha kukusanyia data bila kompyuta, inabeba data ya loga 63 zilizojaa, na inaziwasha upya hapohapo ufukweni. Bei yake si ya mchezo, lakini kupeleka laptopu kwenye tope la mikoko ni ghali zaidi.

Udhaifu upo. Maji ya bamvua yakikauka, loga inabaki juani na inaandika joto la hewa. Linganisha na jedwali la maji kujaa na kupwa, zitupe saa hizo. Hata ikiwa majini, kwenye kina kifupi jua hulipasha joto ganda lake na namba hupanda kidogo. Kipande cha bomba jeupe la plastiki kilichotobolewa kinatibu hilo, ila kinaua kipimo cha mwanga. Mwanga wenyewe haudumu: uchafu na mimea midogo ikishaota juu ya kifuniko, unapima uchafu. Kama hutaisafisha kila bamvua, nunua UA-001-64, upate na nafasi karibu maradufu.

Ukibadili betri, pitisha kidole kwenye mpira wa kifuniko. Chembe moja ya mchanga inatosha kuingiza chumvi ndani.