TAHADHARI kwa maprodyuza: "limita zote, leseni ya maisha, shilingi 80,000"

Tangazo hili linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya maprodyuza wa hapa Uganda, Kampala hadi Arua na Kasese. Jina la muuzaji hubadilika, bei hupanda na kushuka kidogo, ila maneno ni yale yale: furushi la limita zote kubwa (plagini, yaani programu ndogo za studio, zinazozuia vilele vya sauti visivuke kikomo) za masteringi, hatua ya mwisho ya kuandaa wimbo, FabFilter Pro-L 2 ndani, Ozone ndani, leseni ya maisha, tuma kwa MoMo au Airtel Money upewe linki sasa hivi. Usitume.

Chambo chao ni video ya "kabla na baada". Ukipima sauti zake utakuta, kwa mfano, ya kabla iko -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika) na ya baada iko -8. Hapo hakuna uchawi wa plagini, ni ukubwa wa sauti ulioongezwa kwa desibeli 8. Sikio hupenda chenye nguvu zaidi: tofauti ya desibeli moja tu inatosha kulifanya lione besi ni nene na sauti ya mwimbaji iko wazi. Omba faili mbili za WAV za sekunde 30, ziweke kwenye programu yako, pima kwa Youlean Loudness Meter (toleo la bure linatosha), kisha shusha ile ya baada mpaka zilingane. Sasa sikiliza upya. Mara nyingi kiki (ngoma kubwa) imepoteza ngumi yake, sneya (ngoma ya mlio mkali) imelala, na sauti ya mwimbaji inakwaruza kila besi inapopiga. Muuzaji akikataa kutoa WAV, jibu umeshalipata.

Na huo mkwaruzo una sababu yake. Wimbi moja la besi ya 50 Hz huchukua milisekunde 20. Ukiweka release (muda wa limita kuachia) ya milisekunde 5, limita inashika na kuachia ndani ya wimbi moja, inaanza kuchora umbo jipya la besi badala ya kuilinda. Wauzaji hawa hupenda mpangilio huo kwa sababu ndio unaotoa namba kubwa kwenye mita.

Ukishalipa, kinachokuja ni kimoja kati ya hivi. Cha kwanza ni faili la zip lenye programu iliyokrakiwa (kinga ya leseni yake imevunjwa), na maelekezo ya kuzima Windows Defender, kinga ya virusi ya Windows, "kwa sababu inasumbua". Haisumbui, inafanya kazi yake. Ndani ya mafaili ya namna hiyo hufichwa programu za kuiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari: barua pepe, chaneli ya YouTube, akaunti ya kusambazia nyimbo. Prodyuza hupoteza chaneli, kisha anabaki kulaumu mtandao.

Cha pili ni jina na neno la siri la akaunti ya mtu mwingine, iwe ya iLok (huduma ya kutunza leseni za plagini) au ya mtengenezaji. Leseni moja huwa na idadi ndogo ya kompyuta inazoruhusu, lakini akaunti hiyo hiyo imeuzwa kwa watu kumi. Itafanya kazi wiki moja au mbili, kisha mwenye akaunti anabadilisha neno la siri na mradi wako unafunguka bila limita.

Cha tatu ndicho kinachochekesha: LoudMax, ambayo mtengenezaji wake anaitoa bure, imepewa jina jipya na kuuzwa.

Leseni halali ya mkono wa pili ipo, lakini haipiti kwa linki ya Google Drive. Inahama kutoka akaunti ya muuzaji kwenda akaunti yako, kwenye tovuti ya mtengenezaji, na wewe unaiona kwa jina lako. Kampuni nyingine zinaruhusu uhamisho, nyingine zinatoza ada, nyingine zinakataa kabisa, na leseni za wanafunzi kwa kawaida haziruhusiwi kuuzwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo soma kanuni za plagini hiyo kwanza. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha malipo nalo lisome: likiwa tofauti na la muuzaji na akakwambia "hiyo ni laini ya ndugu yangu", bonyeza kughairi.

Kama umeshatuma, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyo hiyo ukiwa na namba ya muamala. Pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni vigumu sana. Nenda kituo cha polisi upewe namba ya SD (kumbukumbu ya daftari la kituo). Wengi hawaendi kwa kuogopa kwamba walikuwa wananunua mali ya wizi, na muuzaji anaitegemea aibu hiyo. Kama uliwahi kufungua faili lenyewe, badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine, siyo kompyuta ile ile, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha sakinisha Windows upya. Kuifuta plagini peke yake hakutoshi.

Ukweli ni kwamba wengi hawahitaji hata kununua. Programu za kutengenezea muziki zina limita zake: FL Studio ina Fruity Limiter, Logic ina Adaptive Limiter, Ableton ina Limiter. Limiter No6 ni ya bure na ina hatua tano ndani yake, kuanzia kompresa hadi kinga ya vilele vya kweli. LoudMax ina vitelezo viwili tu, Threshold na Output, na kitufe cha ISP cha kukamata vilele vinavyojificha kati ya sampuli. Ukitaka Pro-L 2, mtengenezaji anakupa siku 30 za kuijaribu bure. Masta nyimbo zako zote ndani ya siku hizo, ndipo uamue.

Mpangilio wa kuanzia: toa miksi ya WAV ya biti 24 bila limita, vilele vikiwa kati ya desibeli -6 na -3. Kwenye masta weka dari (kikomo cha vilele vya kweli) -1 dBTP, lookahead (muda wa limita kuona mbele) milisekunde 1 hadi 5, release karibu milisekunde 100, oversampling (kupima sauti kwa sampuli nyingi zaidi) mara 4, kisha ongeza geini (nguvu ya sauti) mpaka limita ipunguze desibeli 2 au 3 kwenye sehemu nzito. Ikilazimika kupunguza 6, tatizo liko kwenye kiki na besi. Rudi kwenye miksi. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS, hivyo masta ya -7 itashushwa desibeli 7 na utabaki na mkwaruzo bila ule ukubwa uliolipia. Kama masta yako iko juu ya -14, Spotify wenyewe wanashauri dari ya -2 dBTP, kwa sababu kugeuza WAV kuwa Ogg au AAC, miundo iliyobanwa, hupandisha vilele.

Miksi isiyo na limita usiifute. Vilele vikishakatwa, hata huyo wa "leseni ya maisha" hawezi kuvirudisha.