Diski ya msumeno: ya milimita au ya inchi?

Sisi mafundi wa Unguja mbao twaziita mbili kwa nne, kwa hivyo hata diski ya msumeno wa umeme twaiulizia kwa inchi. Ukifika dukani Darajani utaletewa mbili: moja imeandikwa 250 x 30, yaani kipenyo na tundu la kati kwa milimita, nyingine inchi 10. Kwa macho ni pacha. Inchi 10 ni milimita 254, na hizo nne si kitu, mradi kifuniko cha mashine kina nafasi.

Kazi iko kwenye tundu la kati. Misumeno ya Marekani ya ukubwa huo aghalabu ina shafti ya inchi 5/8, yaani milimita 15.875, ya Ulaya, 30. Diski yenye tundu la 16 huingia kwenye shafti ya 5/8 bila shida, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, maana inacheza. Niliwahi kupasua mvule namna hiyo: ubao ukatoka na michirizi kama umetafunwa na panya, nikashinda na randa mpaka magharibi. Diski ya 5/8 nayo haiingii shafti ya 16. Tafadhali usilipige tupa tundu lake; likihama katikati, diski itatikisika ikiwa kasi.

Mimi nachukua ya milimita. Tundu la 30 hupunguzwa kwa ringi hadi 25.4 au 20, na ringi isiwe nene kuliko diski. Mwenye mashine ya Marekani abaki na inchi.

Zote mbili, soma mizunguko kwa dakika: ya diski isipungue ya mashine.